Sambaza si dagaa: maneno ya ubao wa malewa

Ndani ya neno "sushi" hamna samaki. Wengi wetu tulilikuta kwenye filamu au kwenye simu, tukaona kipande cha samaki mbichi juu ya wali, tukadhani jina ni la kile kilicho juu. Kumbe asili yake ni kivumishi cha kale cha Kijapani chenye maana ya "-chachu". Sushi ni wali uliotiwa siki, chumvi na sukari. Juu yake huwekwa samaki, yai, tango au uyoga, kadiri mpishi anavyopenda. Samaki mbichi aliyekatwa vipande na kuletwa bila wali ana jina lake, "sashimi", na anayeagiza hiki hataletewa kile.

Historia ya chakula chenyewe inatugusa zaidi sisi tunaoishi kando ya ziwa. Sushi ya kale ilikuwa njia ya kuhifadhi samaki wa maji baridi. Walitiwa chumvi, wakafungiwa ndani ya wali kwa miezi mingi, wali ukachacha na uchachu wake ukawazuia wasioze. Kando ya Ziwa Biwa, ambalo ndilo kubwa kuliko yote Japani, aina hiyo ya kale ingali inatengenezwa na huitwa "funazushi". Kisha katika miaka ya 1820 wachuuzi wa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, waliona kungoja miezi ni kupoteza wateja. Wakatia siki kwenye wali, wakafinyanga tonge kwa mkono, wakaweka kipande cha samaki juu, mteja akala papo hapo akaenda zake. Anayetajwa zaidi katika mabadiliko hayo ni Hanaya Yohei. Samaki walivuliwa katika ghuba iliyo mbele ya mji, ndiyo sababu mtindo huo unaitwa "edomae", yaani mbele ya Edo. Kwa maneno mengine, sushi tunayoijua ilianza kama malewa.

Wasomaji wa jarida hili walioko nje ya Kongo watauliza malewa ni nini. Ni mkahawa mdogo wa mtaani, wa mbao na bati, wenye mabenchi mawili matatu na sufuria zilizofunikwa, unaoendeshwa mara nyingi na mama mmoja na msaidizi wake. Neno limetujia kutoka Kinshasa kupitia Kilingala, na muziki umelisafirisha mbali: Werrason alilitumia katika jina la albamu yake ya mwaka 2009, Techno Malewa. Goma tunalitumia bila kujali kwamba lina kiambishi cha wingi. Tunasema malewa moja, malewa hii, tunakwenda kula ku malewa.

Malewa ninayoizungumzia iko mtaa wa Majengo. Sakafu yake ni mawe ya volkano yaliyosagwa, kama ilivyo katika nyua nyingi za mji huu. Sitaitaja kwa jina. Ukutani ilikuwa na ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki, na ubao huo ulikuwa wa Kifaransa mtupu: foufou, riz, pommes de terre, haricots, sombe, fretins, bei zikiwa upande wa kulia. Mwaka huu mama mwenye malewa aliniambia: "Mutoto wangu, si wewe uko nasoma Kiswahili ku université? Uniandikiye ubao." Nilikubali haraka, kwani ubao wa mistari sita unaonekana kazi ya dakika kumi. Ilichukua karibu mwezi, na makala hii inaeleza kwa nini.

Kwanza, sababu yake ya kutaka ubao mpya. Miongoni mwa wateja wake alikuwa kijana mmoja anayesukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, akileta viazi kutoka barabara ya Rutshuru. Wiki tatu mfululizo alikula bugali na maharagi. Siku moja jirani yake kwenye benchi aliletewa sahani ya sambaza za moto, yule kijana akauliza bei, akaambiwa, akanyamaza kidogo kisha akasema kwamba muda wote huo hakujua kama sambaza zipo. Ubaoni ziliandikwa "fretins". Neno hilo alilichukulia kuwa chakula cha wakubwa, na hakutaka kuuliza asije akachekwa. Sufuria nazo zilikuwa zimefunikwa, hakuna cha kunyooshea kidole.

Mama alicheka aliponisimulia, lakini alikuwa amehesabu: wiki tatu za sahani za sambaza ambazo hazikuuzwa, kwa mteja mmoja tu aliyejulikana. Wangapi wengine walikula maharagi kwa sababu hiyohiyo hakuna anayeweza kusema. Nasi wa Kitivo tuna la kujiuliza hapo. Ibara ya kwanza ya Katiba ya 18 Februari 2006 inaitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa. Tunaisoma ibara hiyo darasani kama jambo la wizara na mahakama. Katika Majengo inaamua mtu anakula nini mchana.

(Neno "fretin" lina kisa chake. Kwa Kifaransa ni samaki wadogo wasio na thamani, wanaorudishwa majini, na "menu fretin" husemwa pia juu ya watu wasiohesabiwa. Yule kijana alilisoma kinyume kabisa.)

Niliandika kwanza jinsi watu wanavyoagiza, kwa kukaa pale na daftari siku kadhaa. Mazungumzo yanaenda hivi:

"Mama, leo iko nini?"

"Iko bugali, iko muchele, iko birayi."

"Na mboga?"

"Sombe, maharagi, sambaza."

"Unipatiye bugali na sambaza. Pilipili kidogo."

Kuna utaratibu hapa ambao ubao wa Kifaransa ulikuwa umeuvunja. Mteja haanzi na samaki. Anaanza na kile kitakachomshibisha, yaani bugali, muchele au birayi, kisha ndipo anauliza mboga. Na mboga katika Kiswahili chetu, kama ilivyo kwa wasemaji wengi wa bara la Tanzania, si majani tu. Nyama ni mboga, samaki ni mboga, maharagi ni mboga. Ni kila kinachoteremsha tonge. Mtu wa pwani angesema kitoweo. Ubao wa zamani ulipanga vyote sita katika safu moja, kana kwamba mtu anaweza kuagiza fretins peke yake, na bei moja kwa kila mstari. Mteja mgeni hakuweza kujua kama bei ya sombe ina bugali ndani yake au la. Aliyezoea alijua kwamba ina.

Ndiyo maana nilikumbuka sushi. Wajapani wameliweka jina la chakula kizima kwenye wali, na kilicho juu ni cha kuchagua. Wapishi wa sushi wana hata neno la ndani kwa kila nusu: wali huitwa "shari", na kinachowekwa juu huitwa "neta", neno lililopatikana kwa kugeuza silabi za "tane", mbegu au malighafi. "Shari" yenyewe inasemekana ilitokana na neno la Kibuddha la masalia ya mifupa ya Buddha, kwa vile punje za wali ni nyeupe na ndogo. Chai ya kumalizia ni "agari", mchuzi wa soya ni "murasaki", yaani zambarau. Yalikuwa maneno ya wapishi wao kwa wao, na wateja waliokaa sana kaunta wakayachukua. Nimeambiwa na waliosoma zaidi kwamba wapishi wa zamani hawapendi kumsikia mteja akiita hesabu yake "oaiso", kwa kuwa ni neno la upande wa pili wa kaunta. Vilevile katika mikahawa mingi ya sushi huonekana kikombe kikubwa cha chai kilichochapwa majina ya samaki kwa herufi za kanji, safu baada ya safu. Mteja anakunywa huku akijifunza kusoma. Nilipoiona picha ya kikombe hicho nilielewa ubao wetu unapaswa kufanya nini.

Nikapendekeza safu mbili. Upande wa kushoto, chini ya neno CHAKULA, viko vya kushibisha. Upande wa kulia, chini ya MBOGA, viko vya kuteremshia. Bei iko upande wa mboga tu, kwa sababu ndiyo inayobadilika. Mama aliukubali mpangilio mara moja, akasema hivyo ndivyo anavyopakua. Maneno ndiyo yaliyotugombanisha.

Chukua wali. Kiswahili cha pwani kina mpunga shambani, mchele gunani, wali sahanini. Kijapani nacho hutenganisha hivyohivyo: "ine", "kome", "gohan". Goma tunasema muchele kwa ulio gunani na kwa ulio sahanini, na mtu akiagiza wali atatazamwa kidogo kabla ya kueleweka. Mwenzangu mmoja wa darasa, anayejiandaa kwenda kufundisha Tanzania, alishikilia tuandike WALI. Hoja yake ilikuwa nzito: mkahawa ni mahali pa kujifunzia lugha, kama kikombe cha Wajapani, na Kitivo kisipoandika Kiswahili sanifu nani ataandika? Mwalimu wetu wa leksikografia, tulipompelekea mzozo, hakujibu. Alituomba tumletee orodha ya watu wanaosoma ubao ule. Tulikaa siku mbili tukihesabu: wasukuma chukudu, madereva wa pikipiki, wauza mkaa, mafundi wa kushona, wanafunzi wa sekondari, walimu wawili, askari mmoja wa zamu. Hatukumwona mtu hata mmoja aliyejifunza neno wali nyumbani. Tukaandika MUCHELE.

Na tukaiandika kwa mu-, si kwa m-. Mtaala wa sanifu unataka mchele, na najua wapo watakaonikosoa. Lakini u hiyo ya ziada haimzuii kitu aliyesoma sanifu, ataona kosa la tahajia na kuendelea. Kukosekana kwake kunamkwamisha anayesoma kwa kutamka herufi moja baada ya nyingine, ambaye hajawahi kusikia neno likianza na m kisha ch bila irabu katikati. Kwa ubao wa chakula, huyo wa pili ndiye msomaji wangu. Kwa upande mwingine nilikataa tahajia za Kifaransa zilizojaa mjini kwetu, "tchai" na "foufou" na "tshukudu". Sauti zetu zina herufi zake na watoto wanazijifunza tangu shule ya msingi.

Sasa sambaza, na hapa nitakaa.

Ziwa Kivu ni maskini wa samaki. Lina kina cha mita 485, lakini hewa ya kuvuta imo katika mita 60 hivi za juu tu. Chini yake kuna maji mazito yenye methani na dioksidi ya kaboni, yasiyo na uhai wa samaki. Zamani aina chache zilizokuwepo zilikaa karibu na mwambao, na katikati ya ziwa hakukuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea. Kati ya 1958 na 1960, chini ya mtaalamu wa uvuvi aliyeitwa Collart, samaki wachanga walisafirishwa kutoka Ziwa Tanganyika wakamwagwa Kivu. Walikuwa wa aina mbili. Moja haikudumu. Iliyodumu ni Limnothrissa miodon, ambayo ilienea ziwa zima na leo ndiyo sambaza. (Mwaka huohuo wa 1958 huko Osaka, Yoshiaki Shiraishi alifungua mkahawa wa sushi ambamo sahani zinapita mbele ya mteja juu ya mkanda unaozunguka, wazo alilolipata katika kiwanda cha bia. Hapo mtu hahitaji kusoma wala kuuliza, anachukua inayopita. Yule kijana wa chukudu angekula samaki siku ya kwanza.)

Huvuliwa usiku, hasa usiku usio na mbalamwezi. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu ukashushwa katikati, na taa zikawashwa ili samaki wapande kufuata mwanga. Ukiwa ufukweni unaziona taa hizo kama mtaa mwingine juu ya maji, na ukinyamaza unasikia wavuvi wakiimba kwa kupiga makasia. Alfajiri sambaza zinafika nchi kavu, na kuanzia hapo ni mbio. Ni samaki laini, mwenye mafuta, asiyesubiri. Asiyeuzwa asubuhi hukaangwa au huanikwa. Malewa ya Majengo hununua kwa beseni kabla ya saa mbili, na mwezi ukiwa mpevu mama hufuta mstari huo ubaoni kwa kiganja.

Kwa nini basi tusiandike dagaa, neno linalojulikana kutoka Kigoma hadi Lamu? Mwenzangu alitaka hivyo. Tatizo ni kwamba dagaa ni jina la umbo: samaki wadogo wanaouzwa kwa wingi. Dagaa wa Mwanza, anayeitwa omena Kenya na mukene Uganda, ni Rastrineobola argentea, ukoo mwingine kabisa. Dagaa wa Kigoma kwa sehemu kubwa ni Stolothrissa tanganicae, ndugu wa sambaza wetu. Dagaa wa bahari ni wengine tena. Na samaki yuleyule wa sambaza, aliyepelekwa Ziwa Kariba mnamo 1967 na 1968, huko anaitwa kapenta. Dagaa limebeba aina nyingi ndani ya neno moja. Sambaza ni aina moja ya ziwa moja. Ukitafsiri sambaza kwa dagaa hukukosea sana, lakini umepoteza ziwa.

Sababu iliyonishinda haikuwa ya kibiolojia, hata hivyo. Goma tunao ndagala pia: ni wakavu, wametoka Tanganyika, wanauzwa sokoni kwa kipimo na hupikwa kwa mchuzi wa tomati. Mama huwapika siku ambazo ziwa limekataa. Mteja anayesoma dagaa ubaoni ataelewa ndagala, na akiletewa sambaza mbichi za kukaangwa atasema amebadilishiwa, au kinyume chake, jambo ambalo ni baya zaidi kwa kuwa bei hazilingani. Kosa la tafsiri hapo lingekuwa ugomvi mezani.

Msomaji wa pwani naye ana haki ya kulishangaa neno letu. Akiona SAMBAZA kwa herufi kubwa atadhani ni amri: tawanya! Mkenya atafikiria kutumiwa salio, maana Safaricom imeliita hivyo. Siwezi kuthibitisha uhusiano wowote kati ya kitenzi na samaki, na sioni haja. Ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, husema isambaza.

Kisha ikaja shida ya sarufi, na hii iliwafurahisha walimu kuliko wateja. Kwa sanifu, samaki ni kiumbe hai hata akiwa kikaangoni: samaki wa kukaanga, samaki wawili wakubwa. Nilimsomea mama: "Sambaza wa kukaanga." Akasimamisha kijiko. "Wa? Huyo ni mutu? Huyu amekufa tangu asubuhi." Kwake ni sambaza ya kukaranga, ngeli ya vitu, na nimesikiliza vya kutosha kujua kwamba hata aliye hai ziwani humwita vilevile. Tena kitenzi chetu ni kukaranga, si kukaanga. Mtu wa Mombasa akisoma "sambaza ya karanga" atangoja mchuzi wa njugu.

Nilipendekeza njia ya kukwepa. Ubao hauhitaji sentensi, hivyo hauhitaji kiunganishi. Tuliandika SAMBAZA, na chini yake kwa herufi ndogo: kukaranga, au: mchuzi. Ngeli ikabaki mdomoni mwa anayesoma. Mwenzangu alisema huo ni woga. Mimi naona ni desturi ya mabao yote ya chakula duniani, ambayo hutaja kitu na kuiacha sarufi kwa wenye meza.

Mboga za majani hazikutusumbua. Sombe ni majani ya muhogo yaliyotwangwa, kisamvu kwa Mtanzania na pondu kwa Mkinshasa. Kila aliyeingia pale analijua sombe na hata ubao wa Kifaransa haukuthubutu kulitafsiri. Lengalenga, anayoiita Mtanzania mchicha, iliongezwa kwa ombi la madereva wa pikipiki. Maharagi yakabaki na g yake na i yake. Bugali ikabaki na b yake.

Neno moja la upande wa pili wa kaunta lilipenya ubaoni bila mimi kulialika. Msaidizi wa mama, akipeleka oda jikoni, hupaza sauti "kompleti!" maana yake sahani yenye bugali, samaki na majani pamoja. Wateja wa siku nyingi wameanza kulitumia, kama wale Wajapani na oaiso yao. Mama alilitaka liandikwe chini kabisa, lenye bei yake. Nilimuuliza kama mgeni ataelewa. Akasema mgeni atauliza, na akiuliza atakuwa amefungua mdomo, na akishafungua mdomo atakula. Hoja hiyo inakwenda kinyume na kila nilichoandika hapo juu kuhusu yule kijana, nami sina jibu lake. Kompleti inauzwa sana.

Ulibaki mstari wa tatu wa upande wa CHAKULA, ule wa pommes de terre. Mama husema birayi, neno lililo karibu na Kinyarwanda, na hulisema bila kufikiri kwa sababu viazi vyenyewe hushuka kutoka kwa wakulima wanaoviita hivyo. Wateja wake wengine husema viazi, na kwa baadhi yao viazi ni vile vitamu. Wanafunzi husema pomme. Katika mji wetu, na zaidi tangu Januari 2025, watu wanasikilizana lafudhi kuliko zamani. Neno moja kwenye ukuta linaweza kumfanya mtu aulizwe ni wa upande gani, kabla hata ya kuuliza bei. Mwenzangu alitaka VIAZI ULAYA kwa kuwa limo kamusini, na kweli limo. Mimi niliona VIAZI peke yake lingetosha. Mama alitusikiliza wote wawili huku akimenya, mwishowe akasema hataki neno lolote pale, maana lolote atakaloandika kuna mtu atakayelisoma kama bendera.

Akachukua chaki akachora kiazi. Hajui kuchora. Umekuwa mviringo wenye matundu, na madereva wa pikipiki wanasema ni jiwe la Nyiragongo. Wakifika wanaagiza: "Mama, unipatiye mawe na sambaza," naye anapakua viazi.